Tusi limefika, ila si kwa aliyekukosea

Kibanda cha PS, yaani cha kucheza gemu za PlayStation kwa kulipia, kilicho karibu na stendi ya Kaptembwa hapa Nakuru kina televisheni tatu, mashine tatu, na benchi mbili zilizopigiliwa misumari na fundi ambaye bila shaka hakuwahi kuzikalia. Mechi moja ni shilingi 20. Ukifungwa unainuka, aliyeshinda anabaki. Mpwa wangu alinivuta huko Jumamosi moja alasiri nimlipie mechi tano, nami nikakaa kumngoja. Mechi ya tatu ikiwa inaelekea ukingoni, kipa wake akautema mpira ambao hata mtoto angeudaka, ukamdondokea mshambuliaji wa mwenzake miguuni, bao. Kijana akaibwaga pedi na kuwatukana watengenezaji wa gemu hiyo kwa mama zao, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, na kwa lugha ya tatu nisiyoitambua. Kibanda kizima kikacheka. Mwenye kibanda hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari lake: "Pole pole na pedi, hiyo si ya Wazungu, ni yangu."

Sina neno na matusi ya namna hiyo. Anayeitukana televisheni anapiga hewa, na akimgeukia mpinzani aliyekaa naye bega kwa bega, huo ni utani, na utani una mipaka ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu anaijua. Waliowahi kutazama debi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards, wanajua yanayosemwa jukwaani hayachapishiki gazetini. Lakini unayemwambia unamwona. Unajua neno atakalolicheka na neno litakalomfanya avue koti, na jioni huenda mkabanana kiti kimoja cha matatu mkirudi nyumbani.

Mambo yaliharibika saa mbili usiku. Mpwa wangu, kipa yule bado amemkaa rohoni, alishika simu, akatafuta akaunti ya mfanyakazi wa kampuni iliyotengeneza gemu ile, akamwandikia yale yale ya alasiri, safari hii kwa Kiingereza, na kumwombea nyumba yake iungue. Akaniletea simu nione. "Anko, nimempata!" Nikamuuliza amempata nani. Hakujua. Aliona nembo ya kampuni kwenye picha, ikamtosha. Tulipofungua maelezo ya akaunti tukakuta bwana yule anashughulika na sauti: kelele za mashabiki, filimbi ya refa, mlio wa mpira ukigonga mwamba. Habari za makipa hajui ndewe wala sikio.

Nilicheka usiku ule. Baadaye nikaanza kusoma yaliyowapata watengenezaji wa gemu kwingineko, kicheko kikakatika, maana kisa cha mpwa wangu ndiyo kawaida yenyewe. Matusi ya mtandaoni humwendea anayefikika. Katika kampuni kubwa, aliyeamua tarehe ya gemu kutoka, bei yake, na vitu gani vya ndani viuzwe kwa pesa zaidi, karibu kila mara ni mtu usiyemjua jina na hutamwona akijibu maoni ya mtu. Anayefikika ni aliyejitokeza: mchoraji anayependa kuonyesha kazi yake, mwigizaji wa sauti, na kuliko wote, yule aliyeajiriwa hasa kuongea na wachezaji.

Tazama kilichompata Laura Bailey mwaka 2020. Ndiye aliyempa sauti Abby, mhusika wa gemu ya The Last of Us Part II ambaye wachezaji wengi walimchukia kwa alichokifanya ndani ya hadithi. Bailey hakuitunga hadithi ile. Alisimama mbele ya maikrofoni akaigiza alichoandikiwa. Akaletewa vitisho vya kuuawa, watu wakimwadhibu kwa kosa la mtu asiyekuwepo.

Au mwaka 2016, Hello Games, kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, ilipoahirisha gemu yake, No Man's Sky, kutoka Juni hadi Agosti. Bosi wake, Sean Murray, alisema amepokea vitisho vya kuuawa. Hilo labda tulitegemee, yeye ndiye mwenye gemu. Lakini hata Jason Schreier, mwandishi wa habari aliyetangulia kuripoti kwamba gemu itachelewa, alitishwa vivyo hivyo. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Waliosema hivyo hawakuwa na simu.

Na yuko David Vonderhaar wa studio ya Treyarch. Julai 2013 timu yake ilitoa marekebisho ya gemu ya vita Call of Duty: Black Ops II. Moja lilihusu bunduki ya mdunguzi iitwayo DSR 50: muda wa kungoja kati ya risasi na risasi uliongezwa kutoka sekunde 0.2 hadi sekunde 0.4. Tofauti ni sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa hizo, watu walimtishia maisha yeye na familia yake. Hapa angalau mlengwa alikuwa sahihi, maana alikuwa mkurugenzi wa usanifu wa mchezo. Ila angalia walimpataje: alikuwa mmoja wa wachache katika kazi hiyo waliokuwa wakiongea na wachezaji waziwazi, wakieleza kipi kimebadilishwa na kwa nini. Wenzake wengi waliokaa kimya hawakuguswa. Ukiwa kijana unayeanza kazi katika studio, ukayaona hayo, utajifunza nini? Utajifunza kunyamaza. Halafu sisi wachezaji tutalalamika kwamba makampuni hayatuelezi kitu.

Huyu anayeajiriwa kuongea na wachezaji anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hawajui anafanya nini. Anasoma. Asubuhi anafungua maelfu ya ujumbe, anayapanga malalamiko kwa mafungu, kisha anaingia kwenye mkutano na kuwaambia wahandisi na mabosi: watu wanalia kuhusu hili, na hili, na lile. Kumtisha ni kuichana barua yako mwenyewe kabla haijafika. Nchini Marekani, kampuni ya Bungie, wenye gemu ya Destiny 2, ilimshtaki mtu mmoja aliyemwandama msimamizi wao wa jamii ya wachezaji pamoja na familia yake, baada ya kampuni kuonyesha kazi ya sanaa ya mchezaji mweusi. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Washington iliamuru alipe karibu dola 500,000.

Sisi Wakenya tuna sheria ya aina hiyo pia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 27, inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayemwandama mwenzake mtandaoni. Siipigii debe. Sheria hiyo hiyo imewahi kuwafikisha wanablogu kortini kwa walichoandika, na simtakii mpwa wangu miaka kumi kwa sababu ya kipa. Mbali na hayo, mwenye simu Kaptembwa na mwenye jeraha ng'ambo hawatakutana mbele ya hakimu yeyote.

Sasa nimsikilize anayenipinga, maana ana hoja nzito. Atasema: mzee, sisi ni wateja. Gemu mpya ya PS5 inauzwa dola 70, pesa za kodi ya nyumba ya mwezi mzima kwa watu wengi hapa. Nikiuziwa mbovu, unataka niandike barua ya kuomba radhi?

La. Desemba 2020 gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka ikiwa hoi kwenye mashine za PS4, kiasi kwamba Sony yenyewe, wenye PlayStation, iliiondoa dukani na kuanza kurudisha pesa. Ilirudi Juni mwaka uliofuata. Waliolalamika walikuwa na haki zote. Novemba 2017, wachezaji wa gemu ya Star Wars Battlefront II walipiga hesabu wakagundua kwamba kumfungua mhusika Darth Vader ili umchezee kunahitaji sarafu 60,000 za ndani ya gemu, saa nyingi mno za kucheza, au uingize mkono mfukoni ununue masanduku usiyojua yana nini ndani, ujaribu bahati. Jibu la kampuni ya EA, wenye gemu hiyo, kwenye mtandao wa majadiliano wa Reddit lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000. Sarafu zikashushwa hadi 15,000, na kabla gemu haijaanza kuuzwa rasmi, ununuzi wa ndani kwa pesa halisi ukasimamishwa. Katika kampeni ile matusi yalikuwepo tele, siwezi kudanganya. Lakini kilichoikaba kampuni koo ni ile hesabu, ambayo kila mwandishi wa habari angeweza kuirudia na kila mzazi kuielewa.

Mfano unaotuhusu zaidi ni gemu ya Helldivers 2. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba anayeicheza kwenye kompyuta lazima awe na akaunti ya PlayStation Network. Kwa Mmarekani hilo ni usumbufu wa dakika tano. Kwa Mkenya ni kichekesho: mtandao huo hauiorodheshi Kenya kabisa. Kila mwenye mashine ya PlayStation kuanzia Kondele, Kisumu, hadi Kakamega ana akaunti inayodai anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kijana wa Nyalenda ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Busia ana anwani ya London. Kwa hiyo kampuni iliwauzia watu gemu, kisha ikawaambia wafungue akaunti ambayo nchi zao haziruhusiwi kuwa nayo. Gemu ikaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170. Ndani ya siku chache maoni hasi yakapita 200,000, watu wakadai kurudishiwa pesa, na Sony ikarudi nyuma. Hoja iliyobeba siku ingetoshea kwenye kipande cha karatasi ya kufungia njugu: mliniuzia mkijua nchi yangu haimo.

Hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza hilo. Julai 2015, CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Obama, Wakenya wa Twitter waliishambulia kwa alama ya #SomeoneTellCNN hadi mkuu mmoja wa kituo hicho, Tony Maddox, akapanda ndege hadi Nairobi kuomba radhi. Nilishiriki, kwa furaha. Kilichouma siku zile ni kejeli: picha za chapati, za foleni ya magari, za twiga, zenye maelezo ya kuogofya chini yake. Kejeli inahitaji akili na inamlenga aliyekosea. Tunaijua kazi hiyo vizuri sana, ndiyo maana nashindwa kuelewa kwa nini, ikifika kwenye gemu, tunaiacha na kuokota jiwe la kwanza lililo karibu.

Hadi hapa nimeongea juu ya makampuni makubwa, ambayo yana wanasheria na kuta nene. Kinachoninyima usingizi kiko karibu zaidi, Kisumu.

Utengenezaji wa gemu Kenya ni kazi ya wachache na haina muda mrefu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi. Mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X. Ukitaka mfano kutoka jirani za mbali, Kiro'o Games wa Cameroon walitoa Aurion mwaka 2016. Huku magharibi, vijana waliopitia Chuo Kikuu cha Maseno au wanaokutana LakeHub, kituo cha teknolojia cha Kisumu, wanafundishana wenyewe usiku, wakitumia kompyuta za mitumba. Hakuna anayewalipa mshahara wa kufanya hivyo.

Ninamjua mmoja wao, jina lake nitalihifadhi. Mchana anatengeneza simu mjini Kisumu. Usiku anatengeneza gemu ya bodaboda, yeye na rafiki mmoja anayechora. Unabeba abiria, unakwepa mashimo, unakwepa askari, unafika Kondele kabla ya mvua. Ni gemu ya kuchekesha, na abiria mama mwenye kuku amenivunja mbavu zaidi ya mara moja. Wiki ya kwanza ilipokuwa kwenye duka la Google ilipata maoni mazuri, mengi ya marafiki, kama ilivyo desturi. Wiki ya pili yakaanza mengine. Aliniruhusu niyasome. Nyota moja: "Takataka." Nyota moja: "Mbwa hii, nirudishieni bando zangu." Nyota moja: "Mnaaibisha Kisumu." Nyota moja, na tusi la mamake. Mamake analala chumba cha pili.

Fanya hesabu kidogo. Gemu ya EA ikipata maoni mia moja ya nyota moja leo, hakuna atakayejua. Gemu yenye maoni 40 na wastani wa nyota 4.5, ikiongezewa maoni kumi tu ya nyota moja, inaporomoka hadi 3.8. Na tangu mwishoni mwa 2021 duka la Google linaonyesha mtumiaji wa simu wastani wa nchi yake mwenyewe, kwa hiyo mtengenezaji wa hapa hawezi kuokolewa na nyota za Waganda. Watu kumi wenye hasira, kwa dakika moja kila mmoja, wanaweza kuizika kazi ya miezi kumi na minne.

Lakini soma tena lile la bando. Huyo ana lalamiko la kweli. Gemu ilikuwa na megabaiti zaidi ya mia, na kwa mtu anayenunua bando la shilingi 20 hilo ni chakula cha mchana. Akaipakua, akaifungua, ikajifunga. Akaifungua tena, ikajifunga. Ameibiwa, kwa jinsi anavyoona yeye, na sina ujasiri wa kumwambia hakuibiwa. Ila alichoandika hakina simu gani, hakina raundi gani, hakina chochote ambacho mtu anaweza kukishika.

Rafiki yangu alivumilia siku chache, kisha akazima arifa. Siku kumi na moja hakufungua ukurasa wa maoni. Alibadilisha simu za watu vioo, akala, akalala. Na katika siku hizo hizo, kumbe siku ya tatu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameandika, nyota mbili: "Nikipita raundi ya pili simu inaganda halafu gemu inajifunga. Natumia Itel ya RAM 1GB. Wanafunzi wangu wanaipenda." Basi. Alipoyaona hayo hatimaye, alijua tatizo kabla hajamaliza kusoma. Alikuwa amepakia picha zote za mji mara moja, na alikuwa ameijaribu gemu kwenye simu yake tu, yenye RAM 4GB, yaani kumbukumbu mara nne ya ile ya mwalimu, ambako kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye simu ndogo kumbukumbu inajaa, Android inaifunga programu. Kosa lilikuwa lake na alilikiri. Kulirekebisha kulimchukua usiku mbili.

Siku kumi na moja. Kila mwenye simu ndogo aliyepakua gemu katika siku hizo alichoma bando bure, kwa sababu ujumbe ambao ungemsaidia ulikuwa umelala chini ya rundo la mama za watu. Wale waliotukana waliwaumiza wachezaji wenzao, na hawatawahi kujua.

Kuna wanaosema asiyeweza kustahimili joto asiingie jikoni. Wamkumbuke Dong Nguyen wa Hanoi, aliyetengeneza Flappy Bird peke yake. Mapema 2014 gemu ile ilisemekana kumwingizia dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Februari mwaka huo akaiondoa. Alitaja mambo kadhaa, pamoja na watu kuzoea mno kuicheza, lakini wakati ule matusi na vitisho vilikuwa vimemzingira, naye aliandika kwamba gemu imemharibia maisha yake matulivu. Mtu alikimbia dola 50,000 kwa siku. Kijana wa Kisumu, ambaye matangazo hayajamlipia hata tokeni za stima, anakaa kwa sababu gani?

Nilimuuliza. Alinijibu kwamba mama mwenye kuku bado hajapata wimbo.

Mpwa wangu alikubali kuufuta ule ujumbe wake, baada ya mabishano marefu, na hasa baada ya kumweleza kwamba hata kipa angebadilishwa leo, bwana wa vigelegele hangehusika. Ameandika mwingine kwenye ukurasa wa malalamiko ya kampuni: dakika, mashine, jinsi mpira ulivyopigwa. Hajajibiwa. Anasema nilimpotezea muda, na huenda ni kweli.

Kutoka Kisumu nilipata picha moja wiki iliyopita, imetumwa saa sita na nusu usiku. Yule wa "nirudishieni bando" alikuwa amerudi na kubadilisha maoni yake. Sasa ni nyota tatu. "Inafunguka. Lakini boda ikikata kona ya Kondele inapita ndani ya ukuta wa duka, na abiria anabaki nje. Tecno Pop." Chini ya picha rafiki yangu alikuwa ameandika tu, "Huo ukuta nimeuona."